Kejeli yangu imechukuliwa kama tangazo. Nimekosea wapi?

MtuWaMikindani:
Wadau, nisaidieni. Kwenye grupu la WhatsApp la wapangaji niliandika nikijifanya mwenye nyumba. Nikasema kodi inapanda elfu moja kwa sababu maji yakikatika mnabeba mitungi hadi ghorofa ya nne, na mazoezi kama hayo huko jimu hulipiwa. Nilitarajia kicheko. Mama wa ghorofa ya tatu akauliza nyongeza inaanza mwezi gani. Wawili wakampigia keateka, yule msimamizi wa jengo. Sasa naitwa mchochezi.

ChaiYaRangi:
Ungeweka emoji ya kucheka mwishoni, basi.

BintiMaktaba:
Emoji ingeua kila kitu. Kaka, shida ni kwamba hukutia chumvi ya kutosha. Kodi kupanda na bomba kavu? Hiyo Mombasa ni Jumanne ya kawaida.

Mtazame Jonathan Swift, mkuu wa kanisa la Mtakatifu Patrick kule Dublin. Mwaka 1729, kwenye insha ya kejeli, alivaa sauti ya mpiga hesabu mpole mwenye huruma kwa maskini wa Ireland. Anahesabu: kila mwaka wanazaliwa watoto 120,000 wa mafukara; 20,000 wabaki kuwa mbegu, 100,000 wauzwe wakitimiza mwaka, shilingi kumi kila mmoja, watokoswe au wachomwe. Mimi hainitishi nyama, inanitisha ile adabu ya afisa mipango. Halafu anapenyeza kwamba chakula hicho, kwa ughali wake, kitawafaa zaidi mabwana wa ardhi, maana mabwana hao wamekwisha kuwala wazazi. Hapo ndipo barakoa inapoteleza, nawe unajua nani anashtakiwa. Mwenye nyumba wako hakuteleza popote.

KitiChaKinyozi:
Dada umesema, ila Swift ni baridi mno kwa grupu la wapangaji. Mimi nilikulia kwa kinyozi Nakuru, na Jumapili tuligombania Sunday Nation kwa ajili ya safu ya vichekesho ya Wahome Mutahi. Mhusika wake, Whispers, alikuwa baba mpenda chupa, anamwogopa mkewe ambaye kambandika jina Thatcher, anajigamba kisha anaingia nyumbani kwa kunyata. Mutahi alikuwa ameonja seli za mateso za Nyayo House, Nairobi, mwaka 1986, alituhumiwa kuwa wa Mwakenya, kundi la siri lililoipinga serikali ya Moi. Lakini kwenye safu hakuja na ngumi. Alijichapa yeye kwanza. Wazee walimcheka Whispers hadi povu la sabuni likawakaukia kidevuni, halafu mmoja ananyamaza ghafla. Amejiona.

Kwa hiyo acha kuwa mwenye nyumba. Kuwa mpangaji mjinga anayemshukuru.

BintiMaktaba:
Hapo nimekubali. Ila hesabu zibaki, tafadhali. Mjinga mwenye kikokotoo ni hatari.

MtuWaMikindani:
Nimejaribu jana usiku: “Mimi mpangaji wa 7B namshukuru mwenye nyumba. Nimepunguza kuoga kutoka mara 60 kwa mwezi hadi 4, nikaokoa sabuni. Mke wangu karudi kwao, nimeokoa na unga. Naomba tukatiwe na umeme nimalizie kujenga.”

Mama wa ghorofa ya tatu ametuma sauti ya dakika mbili, yote kicheko. Keateka tangu asubuhi anagonga milango akimtafuta wa 7B. Jengo letu lina ghorofa nne.