Tupeane uzoefu: mashine ya kufyekea majani marefu huku Nyanda za Juu Kusini

Mleta mada, Uyole
Wakuu, habari za jioni. Mvua imekolea na majani nyuma ya nyumba yamefika kiunoni. Eneo ni kama nusu eka: upande mmoja ukoka, upande wa pili mabingobingo (majani ya tembo), na katikati nimepanda miche ya parachichi. Vijana wa kufyeka kwa mkono msimu huu ni shida kuwapata, wote wako kwenye palizi. Nimezunguka Mwanjelwa hapa Mbeya na kila duka wananitajia cc tu, yaani ukubwa wa injini, kama vile wananiuzia pikipiki. Naomba mwenye mashine aseme anafyeka nini na imemfaa kwa kiasi gani. Nataka kujua kabla sijatoa hela.

Mzee wa Migomba, Tukuyu
Mkuu, huku kwetu mvua kwa mwaka inapita milimita 2,000, kwa hiyo majani tunayajua. Mimi natumia ya petroli yenye bomba lililonyooka (lile refu linalotoka kwenye injini hadi kwenye bledi) na mpini wa pembe mbili kama usukani wa baiskeli, unaivaa kwa mkanda wa mabegani. Hilo bomba liangalie kwanza, kabla ya cc. Zile zenye bomba lililopinda mbele huzungushwa na waya laini wa ndani, ni za kamba ya nailoni na nyasi laini. Ukitaka kufunga bledi ya chuma, chukua iliyonyooka.

Kwenye mabingobingo kamba haifai kabisa. Shina gumu linaila kamba, na majani yanapondeka yakatawanyika ovyo. Bledi ya meno matatu inalaza majani upande mmoja, unayafunga mzigo na kupeleka kwa ng'ombe. Na hapa nasema kwa mkazo kwa wenye mifugo: majani yaliyokatwa kwa kamba msilishe. Kamba hukatika vipande vidogo vya plastiki vikabaki humo humo.

Namna ya kukata pia ina maana. Mashine nyingi hukata kwa kupelekwa kutoka kulia kwenda kushoto. Usiguse majani kwa upande wa mbele kulia wa bledi, hapo ndipo inaporuka ikigonga kisiki. Yakiwa marefu kuliko wewe, kata nusu ya juu kwanza, ndipo ushuke chini.

Mama wa Gangilonga
Kamwene. Mimi niko Iringa mjini, kiwanja kidogo, na mnaijua Iringa kwa mawe. Kwangu bledi ingekuwa hatari tupu, ikigonga jiwe inaweza kumeguka na kipande kikaruka. Natumia ya kuchaji, ya kamba. Haina makelele, haina kuchanganya mafuta, na binti yangu anaibeba bila shida. Ila niseme ukweli, inataka nyasi zisizidi magoti. Ukiziacha zikawa ndefu zinajizungusha kwenye kichwa na mashine inasimama.

Kijana anayetusaidia alirusha kijiwe kikapasua dirisha la jirani. Tangu hapo watoto wanaingia ndani, na hakuna mtu kusogea karibu kuliko mita 15. Miwani na buti si hiari, kaka yangu. Kamba ikikauka sana inakuwa tete, nailoweka kwenye maji usiku mmoja ndipo naifunga.

Fundi, Mwanjelwa
Kuna jambo wauzaji hawawaambii. Mbeya mjini tuko kwenye mita kama 1,700 kutoka usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa) hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Piga hesabu: mashine inayotamba Dar ikifika hapa imepungua kama moja ya sita. Kwa hiyo ya 26 cc kwenye mabingobingo itakusumbua. Kwa ukoka, sawa. Kwa shamba kama lako ningeanzia 40 na kuendelea.

Hewa ikiwa nyepesi, kabureta iliyosetiwa pwani inamwaga petroli nyingi. Utaona moshi, plagi nyeusi, resi haichanganyi. Wengi wananiletea wakiwa wameambiwa injini imekufa, kumbe ni kusafisha filta na kurekebisha kabureta.

Mafuta: soma kitabu chake. Ikiandikwa 50:1, ni mililita 20 za oili ya 2T (ile ya kuchanganya na petroli) kwa lita moja ya petroli. Ikiandikwa 25:1, ni mililita 40. Usikadirie kwa kizibo cha soda. Kuna zenye oili yake pembeni kama gari, hizo huchanganyi, lakini ni nzito kidogo na haziuzwi rahisi. Na kabla hujalipa, muulize muuzaji akuonyeshe klachi, kabureta na kichwa cha kamba vya mashine hiyo hiyo dukani kwake. Akisema ataagiza, toka.

Mleta mada, Uyole
Asante sana fundi, asante mzee. Na hii miche ya parachichi?

Mkulima, Njombe
Ndugu, kamba usiisogeze kwenye shina. Inachuna gome kuzunguka mche, unaendelea kuonekana wa kijani kwa muda, halafu unakauka na wewe unatafuta ugonjwa. Palilia kwa jembe duara la hatua moja kuzunguka kila mche, weka matandazo, mashine ibaki nje ya duara hilo. Kwa vibarua ni amri, siyo ombi.

Mpanda Misindano, Mafinga
Sisi tunasafishia njia za kuzuia moto kabla ya kiangazi, basi mashine inalala miezi kadhaa baadaye. Mwaga petroli yote, iwashe mpaka izime yenyewe, ndipo uitundike. Petroli ikikaa humo inaganda kwenye kabureta. Pia kuna bolti ndogo kwenye giaboksi ya chini karibu na bledi: ifungue, ongeza grisi. Wengi hawajawahi kuigusa.

Mleta mada, Uyole
Nimeamua: bomba lililonyooka, 43 cc, bledi ya meno matatu kwa mabingobingo na kichwa cha kamba kwa ukoka. Jumamosi naenda Mwanjelwa. Fundi, utakuwepo asubuhi?

Fundi, Mwanjelwa
Nipo kuanzia saa mbili. Njoo na miwani.