Gari za zamani zinazozima njiani: moto wa plagi au pampu ya mafuta? Tupeane uzoefu

Mwenye AE100 (mwanzisha uzi)
Wakuu, poleni na majukumu. Nina Toyota Corolla AE100 yenye injini ya 5A-FE. Mwaka jana ilianza tabia mbaya: asubuhi inawaka stata ya kwanza, natembea kama nusu saa, halafu injini inakata ghafla kama mtu amezima ufunguo. Nikingoja ipoe, inawaka, naendelea na safari. Fundi wa kwanza akasema pampu, nikanunua pampu. Wa pili akasema koili, nikanunua koili. Siku tatu baadaye nilivutwa kwa kamba kutoka Kibaha.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa gereji ya chini ya mwembe. Alikataa kugusa kitu chochote mpaka gari izime mbele yake. Ilipozima, akachomeka plagi ya akiba kwenye waya wa plagi, akaigusisha kwenye chuma cha injini, akaniambia nipige stata. Hakuna cheche hata moja. Kisha akafungua kile kijisanduku cha kupimia kilichopo chini ya boneti, akaunganisha matundu yake mawili, +B na Fp, kwa kipande cha waya, akaniambia nifungue swichi tu. Pampu ikavuma nyuma chini ya kiti, na mpira wa mafuta ukakakamaa nilipoubana kwa vidole. Kwa hiyo mafuta yapo, moto haupo. Akaunganisha matundu mengine, TE1 na E1, taa ya cheki injini ikapepesa mara moja, ikatulia, ikapepesa mara nne. Hiyo ni kodi 14, namba ya hitilafu: kontroboksi (kompyuta ya injini) haipati jibu la moto kutoka kwenye ignaita, kifaa kinachowasha na kukata umeme wa koili. Tukabadilisha ignaita, na hadi leo haijazima tena.

Jambo moja lililonigharimu: Toyota nyingi za miaka ile pampu haivumi kwa kufungua swichi peke yake, inasubiri injini izunguke. Fundi wangu wa kwanza alisikiliza, akakuta kimya, akaihukumu pampu nzima. Nyie yenu yalikuwaje?

Binti wa Njombe
Pole sana kaka. Yangu ni ya baridi. Huku kwetu ukungu ukilala, asubuhi gari inazunguka tu bila kuwaka, na ikiwaka inamisi (inaruka moto, inatetemeka) mpaka saa nne jua litoke. Kaka yangu alinifundisha kufungua boneti usiku, taa zote zimezimwa, injini inanguruma. Niliona cheche za buluu zinatambaa juu ya waya za plagi kama wadudu, badala ya kwenda kwenye plagi. Tulipofungua kifuniko cha distribyuta, kile kinachogawa moto kwa kila plagi, ndani kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, mweusi kwa masizi, umetoka nguzo moja hadi nyingine. Kifuniko, rota (kile kijiti kinachozunguka ndani yake) na waya mpya, basi. Nilishauziwa betri mbili kabla ya hapo.

Dereva wa Iringa
Mimi tambarare gari inakimbia vizuri, ikifika mlima wa Kitonga inakosa nguvu, inakohoa, inazima. Nilikuwa na mazoea ya kutembea taa ya mafuta ikiwa imewaka. Pampu ya ndani ya tenki inapozwa na petroli yenyewe, mafuta yakipungua ikabaki wazi inaungua polepole, na inanyonya takataka zote za chini. Siku ya mwisho iligoma kabisa. Nikapiga chini ya tenki kwa kiganja huku mwenzangu akipiga stata, ikawaka! Nilifurahi, ila hiyo ni dalili kwamba brashi za mota zimeisha. Tulipoitoa, kichujio chake kilikuwa na matope. Osheni tenki kabla ya kuweka pampu mpya, tafadhali. Mimi ya kwanza ilikufa kwa sababu hatukuosha.

Pwani 504
Salaam kutoka Mombasa. Peugeot 504 pikapu ya marehemu baba, ya kabureta, pampu yake husukumwa na injini. Makanika walihangaika na pointi na kondensa, vifaa vya moto wa plagi, wiki nzima. Mimi nilivuta kijiti cha oili, nikanusa, ikanuka petroli, na oili ilikuwa imepanda kupita alama. Ngozi ya pampu (ule utando wa ndani unaosukuma mafuta) ilikuwa imepasuka, mafuta yanashuka kwenye oili. Ukikuta hivyo usiendeshe hata hatua moja, mwaga oili kwanza, utaua beringi.

Mama Gereji
Naomba sana, anayepima cheche asiwe amefungua mpira wa mafuta wakati huohuo. Kijana wetu aliungua mkono na nyusi hivyo hivyo. Kwanza funga mpira, futa petroli iliyomwagika, acha upepo upite, ndipo upime.

Mwenye AE100
Asante mama, hilo hatukulifikiria hata siku ile. Pwani 504, hiyo ngozi ya pampu uliipata peke yake au ulinunua pampu nzima? Jirani yangu ana pikapu kama hiyo, na oili yake inanuka.