Mrejesho: Sebule yangu ndogo sasa inapumua

Niliuliza namna ya kuifanya sebule yangu ya mita 3 kwa 3.5 ionekane pana, nami nawashukuru kwa dhati nyote mlionijibu. Kioo kikubwa nilichokitundika kwenye ukuta unaotazamana na dirisha, kama mlivyonishauri, kinarudisha mwanga hadi ile kona iliyokuwa na giza mchana kutwa. Fimbo ya pazia nimeipandisha karibu na dari. Kilichonifurahisha zaidi ni kochi: lile la zamani lililokaa chini kabisa nimeliondoa, nikaweka lenye miguu mirefu, na sasa sakafu inaonekana chini yake mpaka ukutani, hata jicho halikwami popote. Zulia dogo nimelitoa, kwani lilikuwa likiikata sakafu vipande vipande.