Mirtili fupi ya kwenye ndoo: Top Hat ao Sunshine Blue?

Riziki_bkv: Jambo wote. Dada yangu anarudi toka Bruxelles juma ijayo, anasema anaweza niletea miche ya mirtili (blueberry, yale matunda madogo ya buluu), ile mifupi ya kupanda kwenye ndoo. Dukani kuko aina mbili, Top Hat na Sunshine Blue. Nichukue gani? Mnijibu haraka juu anaenda kununua kesho

Mukulima_Goma: Kwanza uko wapi? Bukavu, Goma, Lubumbashi? Na utamwangilia maji ya wapi?

yaya_Furaha: Top Hat achana nayo. Ni fupi kweli, nusu mita hivi, inapendeza macho, lakini ni kitu ya kwa bazungu kwenye theluji, inataka masaa mamia ya baridi chini ya digri 7 ndiyo itoe maua. Sunshine Blue inaridhika na kama 150

Ben_Lshi: Bukavu hata hiyo 150 haiko. Aina ya Biloxi ndiyo mambo yote, Peru wameipanda mashamba na mashamba na kule hakuna baridi ya maana

yaya_Furaha: Ben, yeye ameuliza FUPI. Biloxi inakupita kichwa

Riziki_bkv: Pole, niko Bukavu, Nguba, ni kwenye balkoni. Robine inakatika kila mara kwa hiyo mtoto anachota ziwani

Mukulima_Goma: Ndiyo nilikuwa naogopa. Maji ya Kivu pH yake (kipimo cha asidi, namba ikipanda asidi inapungua) inafika 9, mirtili inataka 4.5 mpaka 5.5, utaiua polepole. Mimi yangu ilikuwa imeshika vizuri, majani kijani, na vifuko vya maua vimeanza, nikasafiri, sentineli (mlinzi) kwa roho nzuri kabisa akamwaga majivu ya makala kwenye ndoo juu kwao kijijini majivu ni mbolea ya kila kitu, narudi nakuta majani ya njano, mishipa tu ndiyo imebaki kijani, majivu yamepandisha pH, chuma iko kwenye udongo lakini mizizi haiwezi tena kuikamata. Ikakauka. Na yeye bado anasema ni jua

Kahawa_Kabare: Udongo wa huku uko na asidi, ndiyo maana chai inakubali. Uchanganye na maganda ya pinus (msonobari) yaliyooza, ndoo ya lita 20 yenye matundu chini, na ukinge maji ya mvua ya kumwangilia. Mbolea ni sulfate ya amonia kidogo sana, chokaa hapana

Ben_Lshi: Goma si muko na mvua ya volkano ya Nyiragongo, asidi ya bure 😂

Mukulima_Goma: Na floridi ndani yake. Uliza watu wa Rusayo, pale karibu na volkano, kama maharage yao inaipenda

Mama_Neema: Na karatasi ya fitosanitari, ile ya kuonyesha mche hauna magonjwa? Mche hauingii inchi hivi hivi

Riziki_bkv: Dada anasema ataweka kwenye viatu

Mama_Neema: Viatu!! Ndiyo magonjwa yanaingiaga hivyo. Panda freze (stroberi) mama, miche iko hapa hapa

yaya_Furaha: Freze ndege wanamaliza

Kahawa_Kabare: Na mirtili wanaacha?

Riziki_bkv: Yuko dukani sasa. Sunshine Blue imebaki moja tu. Inazaa peke yake?

yaya_Furaha: Inazaa. Mbili zinazaa zaidi

Ben_Lshi: Mwambie aulize kama Biloxi iko