Kumpa kazi CNA (msaidizi wa muuguzi) aliye na umri wa mama yangu: nyinyi mnafanyaje?

NesiMgeni_MN
Hamjambo wapendwa. Nilisomea unesi Kenya (KRCHN, yaani muuguzi aliyesajiliwa wa afya ya jamii), nikapita NCLEX, mtihani wa leseni ya unesi wa Marekani, na sasa niko nyumba ya wazee hapa Minnesota, Marekani, zamu ya jioni, saa tisa hadi saa tano usiku. Nina wazee 28 na CNA watatu. Mmoja wao ni mama wa kutoka Nyamira, ameifanya kazi hii tangu nikiwa shule ya msingi. Namwita mama, naye ananiita mwanangu.

Nyumbani, wodini, nilizoea kufanya kila kitu mwenyewe: dawa, vidonda, kutandika, na jamaa za mgonjwa wakisaidia kumlisha. Hapa naambiwa nigawe kazi, na papo hapo nakumbushwa kwamba leseni ni yangu. Kumwambia mama "kampime fulani presha" ninaona uzito. Basi nakimbia mwenyewe, na kuandika chati nabaki nayo hadi usiku wa manane. Kazi gani nimpe, gani nisimpe, na nimwambieje bila kumvunjia heshima?

Mama_Zamu
Karibu sana, mdogo wangu. Uzito huo naujua, wengi tuliotoka nyumbani tumekuja nao.

Anza na zile zisizotoka mikononi mwako: kumtathmini mgonjwa, kupanga huduma yake, kuamua kilichobadilika kina maana gani. CNA anakuletea presha ya 92/50. Kuamua kama dawa ya presha ya jioni itolewe au isitolewe, na daktari apigiwe, hapo ni wewe.

Zile kanuni tano za kugawa kazi ulizisoma: kazi sahihi, hali sahihi, mtu sahihi, maelezo sahihi, usimamizi sahihi. Watu huzikariri kwa ajili ya mtihani kisha wakaziacha. Mimi naogopa zaidi ile ya pili. Kumlisha bibi wa chumba cha 12 ni kazi ya CNA kila siku, hakuna shida. Bibi huyo huyo akirudi leo kutoka hospitali baada ya kiharusi, na hakuna aliyeangalia anavyomeza, asilishwe na CNA kwanza. Kijiko ni kile kile, lakini chakula kinaweza kuingia mapafuni. Mzee yeyote anayerudi kutoka hospitali, mwone wewe kabla hujamgawia mtu.

Kuhusu maelezo: "mwangalie yule mzee" usiseme kamwe. Sema hivi: "Mama, naomba unipimie mzee wa 12 presha na mapigo kabla ya chakula. Ile ya juu ikiwa chini ya 100, au akisema kizunguzungu, usimwinue, niite hapo hapo." Kisha muulize amesikia nini. Mtu mzima huudhika akitumwa juu juu, halafu akalaumiwa kwa jambo ambalo hakuambiwa. Ukimweleza kwa ukamilifu umemheshimu. Na endelea kumwita mama.

Jambo jingine, tafadhali. Uzoefu wake usikuvushe mpaka. Sheria ya Marekani inamtaka CNA awe na mafunzo ya saa 75 kwa uchache, majimbo mengine yanaongeza. Hapo Minnesota kuna TMA, ambao wamesomea kutoa dawa. Kama mama si TMA, usimpe kidonge "ampelekee tu", hata kama ni Tylenol (paracetamol). Soma sheria ya uuguzi ya jimbo lako na mwongozo wa kituo, kwa sababu nilichoruhusiwa mimi kwingine huenda hukuruhusiwa wewe.

Kaka_Lowell
Mimi ni CNA, niko Massachusetts. Ningependa manesi wajue kwamba ngozi ya mzee tunaiona sisi, wakati wa kumwogesha na kila tunapomgeuza. Nikikwambia kisigino cha bibi kimekuwa chekundu na nikikibonyeza hakibadiliki, njoo ukione. Nesi akijibu "sawa" bila kuja, mara ya pili hivyo hivyo, CNA wengi hawatasema mara ya tatu, na kidonda kitaonekana kimeshachimbika.

Muuguzi_Moro
Salamu kutoka Morogoro. Huku tunao wahudumu wa afya, mafunzo yao ni ya mwaka mmoja. Zahanati ikiwa na muuguzi mmoja na foleni imefika nje, mhudumu hujikuta anachoma sindano kwa kuwa hakuna mwingine. Hapo hakuna aliyegawa kazi, watu ndio hawatoshi. Dada, wewe una watu na una mwongozo, vitumie.

NesiMgeni_MN
Asanteni sana, nyote. Mama_Zamu, je, huyo mama akiniambia hana nafasi?

Mama_Zamu
Muulize ana nini mkononi. Saa moja jioni, akiwa na wazee tisa wa kulaza, hana nafasi kweli. Chukua presha wewe, au mpe CNA mwingine, na umwambie mama umeihamisha. Akikataa kwa sababu hajafundishwa, mshukuru. Kwa mfano mashine ya kuinulia: vituo vingi vinataka watu wawili, na kila mmoja awe ameonyeshwa. Kama hajaonyeshwa, mzee abaki kitandani mpaka apatikane anayeijua, nawe umwambie msimamizi ampangie mama siku ya kufundishwa.