Kar98k au Lee-Enfield No. 4: ipi nigeuze iwe ya kuwindia?

Kitako_Kipya
Wakuu salaam. Kibali ninacho, hela inatosha bunduki moja tu. Nimewekewa mbili za jeshi za zamani, Mauser Kar98k na Lee-Enfield No. 4. Nataka kupunguza mbao, nifunge darubini, nipate kitu chepesi cha porini. Nichukue ipi? Naomba majibu ya haraka, muuzaji ananisumbua.

MzeeGrisi
Mkuu, umeuliza nusu swali. Mitutu ndani ikoje? Namba za kwenye mwili na za kwenye bolti (kile chuma cha kusukumia risasi ndani) zinafanana? Ziko kama zilivyotoka jeshini au kuna mtu keshazichokonoa? Unawinda nini, umbali gani? Bila hayo tutabaki kupiga ramli.

Shabaha Mbali
Achana na zote mbili. Tafuta Mauser ya Sweden, M96. Risasi yake, 6.5x55, haikupigi bega na inanyooka mpaka basi.

MzeeGrisi
Nilijua tu utaleta Sweden yako. Jamaa kataja mbili.

Chuma Chakavu
Enfield, wala usiumize kichwa. Magazini inabeba risasi 10, Mauser 5. Mpini wa bolti unauinua nyuzi 60 hivi, wa Mauser 90 huku unabana springi. Ukiizoea Enfield, mkono unakimbia wenyewe.

Fundi Mstaafu
Kasi nakubali. Ila chemba (pale risasi inapokaa) za Enfield za wakati wa vita ziliachwa pana makusudi ili zimeze hata risasi yenye matope. Risasi yake, .303, inashikiliwa na ule ukingo wa kitako chake, na bolti inajifunga kwa nyuma, si mbele kama Mauser. Ganda linatanuka kila unapofyatua. Kama unajaza maganda upya, baada ya mara chache utaliona linapasuka karibu na kitako. Vichwa vya bolti vya No. 4 vilitengenezwa saizi nne, 0 mpaka 3, kwa ajili ya kurekebisha nafasi kati ya bolti na risasi. Muulize muuzaji hicho kina namba ngapi. Kikiwa 3 tayari, huna pa kwenda.

Kitako_Kipya
Nimerudi kuziangalia. Mauser ina alama ya X juu ya chemba, na namba za bolti zimeandikwa kwa kalamu ya umeme, mwandiko mbaya kweli. Enfield namba zote ni moja, mbao zipo mpaka mdomoni. Mitutu inang'aa.

MzeeGrisi
Sasa tunaongea. Hiyo X ni ya Wasovieti. Waliziteka kwa Wajerumani, wakazifungua, wakazipaka rangi upya na kuziunganisha bila kujali ipi ilitoka wapi, kisha wakalazimisha namba zifanane. Ukitaka kukata, kata hiyo. Enfield yenye namba moja na mbao kamili usiiguse! Msumeno ukishapita mbao ya mbele, hairudi.

Chuma Chakavu
Mzee, bunduki ni yake, si ya makumbusho. Zilitengenezwa kwa mamilioni.

MzeeGrisi
Zilitengenezwa, ndiyo. Na kila mwenye msumeno alisema hivyohivyo.

Nuru ya Lenzi
Kabla hujaamua kukata Mauser, sikia yaliyonikuta. Nilimpelekea fundi Mauser 98 yangu atoboe matundu ya kufungia darubini. Kumbe chuma cha pale juu ni kigumu kwa nje, laini kwa ndani. Yule bwana akatumia keke ya kawaida ya kutobolea, ikateleza, tundu la nyuma likakaa pembeni ya mstari. Hakusema neno, akafunga tu. Nilipoenda kuilinganisha shabaha, nikazungusha skrubu ya darubini mpaka mwisho na bado risasi zinaenda kushoto. Nikarudi, akapachika kipande cha bati chini ya kiti cha darubini! Kisha ikaonekana mpini wa bolti unagonga lenzi, akaupasha moto kuukunja bila kuzuia joto lisifike kwenye meno ya mbele ya bolti, yale yanayoifunga. Bolti hiyo sikuifyatua tena. Na hata angefanya vizuri, wenzo wa usalama wa asili ukiuzungusha unapita wima, nao unagonga darubini, lazima ununue mwingine wa kulala pembeni. Hesabu vyote hivyo kabla ya kusema Mauser ni rahisi.

Fundi Mstaafu
Pole. Ndiyo maana nawaambia watu wafunge darubini ya jicho la mbali, ile inayokaa mbele mbali na jicho, mahali pa lengo la nyuma. Hutoboi kitu, na ukichoka unarudisha kama ilivyokuwa.

Shabaha Mbali
Au M1917 ya Marekani. Unasaga masikio ya lengo la nyuma, unabaki na chuma cha kuaminika. M1903 angalia namba tu: za kiwanda cha Springfield zilizo chini ya 800,000 chuma chake kiliunguzwa kiwandani, kinaweza kupasuka.

Kitako_Kipya
Asanteni. Nilisahau kusema, mimi ni shoto.

Chuma Chakavu
Yaani hilo ndilo unalisema sasa hivi?

MzeeGrisi
Haya, tuanze upya. Bolti zote mbili ziko kulia. Itabidi uvushe mkono juu ya bunduki kila risasi, na darubini ikiwa chini ndiyo itakukera kabisa.

Binti Darubini
Mimi pia ni shoto, natumia K31 ya Uswisi. Mpini uko kulia vilevile, ila unavuta moja kwa moja nyuma, huinui. Pia fungua bati la kitako, mara nyingine utakuta karatasi yenye jina la askari aliyepewa.

Shabaha Mbali
Risasi za zamani za jeshi je? Nyingi zinaacha chumvi kwenye mtutu. Safisha na amonia siku hiyohiyo.

Fundi Mstaafu
Amonia haina kazi hapo. Chumvi inayeyushwa na maji. Mwaga maji ya moto, kausha, kisha mafuta.

Shabaha Mbali
Maji kwenye chuma? Mimi siku zote natumia amonia na sijawahi kuona kutu.

Fundi Mstaafu
Kwa sababu hiyo amonia yako sehemu kubwa ni maji, ndugu yangu.

Chuma Chakavu
Na mafuta ya taa je? Babu yangu alitumia hayo tu.