Ushauri: mama anapoteza kumbukumbu. Je, nipime vinasaba?

Mnyalu wa Mafinga: Wakuu, heshima kwenu. Mama ana 76, daktari kasema ni Alzheimer. Jana kaniita kwa jina la marehemu mjomba, akanidai hela ya mbolea. Nasikia inarithiwa. Mimi nina 34. Nipime au niache? Silali.

Shangazi wa Pongwe: Pole mwanangu. Bibi yetu alikuwa akiamka usiku wa manane kukoroga uji, eti watoto watachelewa shule. Tuliamka tukaunywa. Mtunze mama, upate radhi zake.

Kipanga: Ipo aina adimu ya kurithiwa moja kwa moja, kupitia jeni za PSEN1, PSEN2 au APP. Huanza mapema, kwa kawaida kabla ya 65, na kila mtoto ana nusu kwa nusu ya kuipata. Mama alianza lini? Na mbona unauliza kama mtu aliyekwisha pima?

Mnyalu wa Mafinga: Alianza na 73. Na kweli, nilipima. Dada yuko Minnesota, alikuja na kile kipimo cha mate. Nina nakala mbili za APOE4, ile aina ya jeni inayoongeza hatari ya Alzheimer.

Dereva Boda: Mimi nasahau madeni tu, hiyo ni APOE ngapi?

Mnyalu wa Mafinga: Nimeshamwambia mchumba tusimamishe vikao vya harusi. Msinilaumu. Namwogesha mama kila siku, najua ninamwepusha na nini.

Mama Ibada: Vijana mnapima kila kitu, magoti hampigi.

Mtata: Chai hii. Si wewe uliyefungua uzi wa arobaini ya mama yako? Kafufuka?

Mnyalu wa Mafinga: Aliyefariki ni mama mzazi. Huyu ni mama mkubwa, ndiye aliyenilea.

Kipanga: Ungesema mapema! Nakala moja umepewa na mama mzazi, nyingine na baba. Baba yupo?

Mnyalu wa Mafinga: Yupo, ana 84. Hesabu za mahindi anapiga kichwani.

Kipanga: Naye anayo angalau moja. Kwa Wazungu nakala mbili huongeza hatari mara 8 na zaidi, lakini kwa Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, watafiti walikuta APOE4 ina uzito mdogo kuliko huko. Wapo wenye mbili wasiougua kabisa. Wewe dhibiti presha na sukari, linda masikio.

Shangazi wa Pongwe: Mchumba anajua sababu?

Mnyalu wa Mafinga: Hajui. Anadhani nimepata mwingine.

Shangazi wa Pongwe: Mpigie usiku huu huu. Umemwamulia jambo ambalo hata hajaulizwa.